Kamba ya Mzee wa Mawe

Watu wakisikia kwamba nilimfulia mashuka mtu anayegundua mawe ya angani, huniuliza kama alikuwa akilala usiku. Alilala vizuri sana, tena kwa kukoroma. Kazi yake aliifanya saa tisa mchana, jua la Riyadh likikaanga lami nje, naye yuko chumbani mapazia yamefungwa, miguu ndani ya beseni la maji baridi, kipande cha tikiti mkononi, macho ameyakodoa kwenye kompyuta. Siku ya kwanza nilipoingia kudeki nikakuta giza lenye nyota limejaa kwenye kioo na huyo mzee wa Kijapani anajitikisa kitini kwa furaha, nilidhani Madam amepangisha chumba kwa mganga.

Madam alikuwa bosi wangu, na mumewe, tuliyemwita Baba, ndiye aliyekuwa kafili wangu, yaani mdhamini wa kibali changu cha kazi. Walikuwa na vyumba viwili ghorofa ya juu, wakampangisha mzee huyo aliyekuja kufundisha chuo kikuu. Mimi nilikuwa mtumishi wa ndani, na kwa kuwa mpangaji hakujua kupika hata yai, nikaambiwa nimfanyie usafi na kumpandishia chakula. Jina la Mzee wa Mawe alipewa na Otieno, dereva wa nyumba, Mkenya mwenzangu, mtu ambaye hawezi kukaa siku mbili bila kumbatiza mtu. Mwenyewe alilipenda hilo jina kuliko uprofesa wake. Mimi aliniita Dada, kwa kuwa alimsikia Otieno akiniita hivyo.

Hiyo ya saa tisa mchana haikuwa miujiza. Saa hiyo kwao Japani giza limeshaingia, na darubini yake ilikuwa huko, ndani ya kibanda cha mabati kando ya shamba la vitunguu, nyuma ya nyumba yake. Aliiendesha kutoka Riyadh kwa mtandao. Anabonyeza hapa, inageuka kule. Kila kitu kwenye kile kibanda kiliutii mtandao isipokuwa paa. Paa lilikaa juu ya magurudumu, na halikufunguka mpaka mtu avute kamba. Mvuta kamba alikuwa mkewe.

Sasa mfikirie huyo mama. Mume yuko nchi ya joto, miguu ndani ya beseni, anakula tikiti. Yeye yuko kwao na theluji, amevaa makoti mawili, anavuta bati. Wingu likija, simu inalia: funga. Wingu likipita, simu inalia: fungua. Kuna siku alichoka akakataa kuongea na mumewe kabisa. Mzee akanitazama na ufagio wangu, akanitia simu mkononi, akaninong'oneza neno la Kijapani la kusema. Nikalisema. Nikasikia mama wa watu anacheka mpaka anakohoa. Akaniuliza kwa Kiingereza cha kuokoteza, kama changu, "Wewe nani?"

"Mimi ndiye ninayemfagilia," nikamwambia.

"Pole," akasema, nadhani ndilo neno alilokuwa akilitafuta, maana alisema *sorry* mara tatu. Nikamfundisha lile letu palepale.

Tangu siku hiyo amri za paa zilipitia kwangu. Na kwa kuwa hakutaka kuamrishwa kwa lugha ya mumewe, aliniomba maneno ya kwetu. Basi ikawa Mzee akinyanyua kidole gumba, mimi napiga kelele kwenye simu, "Mama, fungua!" na kule mbali naye anaitikia, "Fungua!" na mabati yanasikika yakiguruma. Akishusha kidole, "Mama, funga!" Madam alipanda siku moja kuona ni nani anagombana kwake. Alipoelezwa kwamba kuna mwanamke Japani anafungua mbingu kwa Kiswahili, alikaa chini kwenye ngazi, abaya na vyote, akacheka mpaka akaomba maji.

Mzee alinifundisha namna ya kuliona jiwe, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Unapiga picha tatu za sehemu ileile ya anga, ukiachia muda kidogo kati yake, halafu unazipitisha haraka haraka machoni. Nyota hazibanduki. Jiwe linaruka kidogo. "Ni kama picha ya harusi," nilimwambia. "Wazee wote wametulia, ila kuna mtoto mmoja hashikiki." Alifurahi kwa mfano huo mpaka akauandika ukutani, na Madam akamfanya aufute mwenyewe kwa sabuni.

Siku moja nasikia yowe. Nilipofika juu amesimama ndani ya beseni, maji yamemwagika kila mahali, anaonyesha nukta kwenye kioo. Kila akibadilisha picha nyota zinasogea kidogo kwa pamoja, lakini ile nukta inakataa kusogea nazo. Ina njia yake! Tena inang'aa! Akampigia mkewe, akampigia mwenzake wa huko kwao, wote wako kwenye simu wanasubiri. Mimi kwa mazoea nilikuwa na kitambaa chenye unyevu mkononi. Nikainama nikapangusa. Ilikuwa punje ya wali. Sitasahau ile sekunde aliyonitazama. Kisha akaanza kutetemeka, nikadhani ni hasira, kumbe kicheko kimemshika tumboni, akateleza, akakaa ndani ya beseni na suruali yake ya chuo. Mkewe kwenye simu anauliza, "Dada, nini? Nini?" Nikamwambia, "Mama, funga tu. Leo tumegundua chakula cha mchana."

Wenye kazi hiyo wana desturi moja, na ndiyo iliyomweka moyo juu mzee wangu miaka yote. Ukigundua jiwe jipya, nalo likafuatiliwa mpaka njia yake ikajulikana bila shaka, unaruhusiwa kupendekeza jina. Unaweza kulipa jina la mwalimu wako, la mto wa kwenu, la bibi yako. La kwako hapana. Ukitaka jina lako liende angani, usubiri mgunduzi mwingine akukumbuke. Mzee wa Mawe alikuwa amegundua mengi na kuyapa majina ya watu wa kila aina: mwalimu aliyemchapa, kikongwe aliyemuuzia tambi alipokuwa mwanafunzi, daraja la kijijini. Yeye mwenyewe hakuwa na hata moja.

La kwanza kabisa alimpa mkewe. Mama akasikiliza habari zote za hilo jiwe, jinsi linavyozunguka jua kati ya Mirihi na Mshtarii, akamwambia, "Asante. Lakini mimi sikuomba jiwe. Niliomba mota ya paa." Mama mkwe wake naye alipopewa lake aliuliza, "Ni kubwa?" Akaambiwa ni kubwa kama mlima. "Na nani analilima?"

Kwetu habari ya majina ilileta vurugu. Otieno alianza kumfungulia Mzee mlango wa gari kama waziri. "Aki Mzee, nipe hata kadogo," alimbembeleza. "Hata kakiwa na ufa. Bora kanaitwa Otieno huko juu, niwatumie watu wa ocha, kule kijijini, picha." Madam akawa anapandisha sinia za tende. "Yaani mtu ana milima mingi hivyo na hatoi?" alinilalamikia jikoni. Mzee alikula tende zote na kumwambia kila mtu kwa upole kwamba kuna foleni. Siku hizo nilicheka sana katika nyumba hiyo, na nasema hivyo nikijua kuna wasichana wa kwetu ambao hawakupata nyumba ya kucheka.

Alikuwa mtu wa ajabu kwa namna alivyopishana na nafsi yake. Jiwe lililo mbali kiasi ambacho sijui hata kukitamka, aliweza kukuambia litakuwa wapi wajukuu wako wakizeeka. Lakini kutoka chumbani kwake kwenda getini alipotea, akatokea kwenye stoo ya Madam. Alisema hakuna jiwe linalomtisha, hata likija moja kwa moja duniani, kwa sababu angalau atakuwa wa kwanza kuliona. Mjusi wa ukutani akimwona, anapanda kitandani na viatu. Alinihubiria kuhusu subira, kwamba kazi yake yote ni kungoja, na huyohuyo hakuweza kungoja chapati ipoe. Kila siku aliunguza ulimi, kila siku alishangaa.

Ila kichekesho chake kikubwa kilikuwa mota. Siku moja alimwomba Otieno ampeleke Al-Sulay, kule kwenye maghala, akatafute mota ndogo ya kufungulia paa. Otieno alirudi amechoka. "Dada, huyu buda nimempoteza mara mbili kati ya makontena," akanieleza. "Namkuta amekaa chini na vijana wa mizigo anawachorea njia za mawe kwenye boksi. Lakini mota amepata. Poa sana. Leo mama wa watu atapumzika."

Mama hakupumzika. Wiki zikapita, mabati yanaendelea kuguruma. Siku ya kutoa godoro nje nikalikuta boksi la mota chini ya kitanda, halijafunguliwa. Nikamwendea nalo.

"Mzee, hii si ya Mama? Mbona hujaituma?"

Akaangalia beseni lake. "Dada, mota ikifika," akasema, "nani atapokea simu?"

Mimi mwenyewe nilikuwa na mume Kitui, na nilijua jinsi simu zinavyopungua kidogo kidogo mambo yakianza kujiendea yenyewe. Nikalirudisha boksi chini ya kitanda na kulifunika na shuka. Jioni ile nilimwambia Mama wa Paa, "Mama, funga," na nikaongeza "asante" mbili.

Sasa niseme kuhusu lile lililomuuma, maana hakuwa kicheko tu. Majina mapya ya mawe yalipotangazwa, aliyasoma akivuma wimbo puani. Kwa ule wimbo nilijua orodha imetoka. Nikamwuliza, "Mzee, umeonekana?" Naye, "Bado. Leta chai." Ikawa mazoea yetu, nikadhani ni mzaha. Mpaka alipokuja mgeni kutoka Japani, mtu wa makamo aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, naye ni mgunduzi, na ana jiwe lenye jina lake alilopewa na Mzee. Niliwapikia samaki. Katikati ya chakula yule mgeni akauliza kwa Kiingereza, kwa heshima, huku nawawekea wali, "Na jiwe lako wewe, Mwalimu, linaonekana vizuri mwezi huu? Sikumbuki ni nani aliyekupa."

Mzee akacheka. "Liko njiani," akasema, akamwongezea samaki.

Nikaelewa. Hakuwa amedharauliwa. Watu walimheshimu hivi kwamba kila mmoja alidhani mwenzake ameshampa zamani, na hakuna aliyefikiria kuangalia. Na yeye hawezi kuwaambia. Utasemaje? Utapiga simu uombe kukumbukwa?

Mgeni alipoondoka nilimkuta amekaa kwenye ngazi, beseni tupu kando yake. "Dada," akasema, "mimi nimewapa watu wote viti, halafu nimebaki nimesimama mlangoni."

Nikamwambia, "Mzee, chapati imepoa. Leo hutaungua." Akala. Akaunguza ulimi kwenye chai.

Mkataba wake ulipokwisha alirudi kwao. Otieno alimpeleka uwanja wa ndege akilia waziwazi, na hakupata jiwe. Binti wa Madam alipoolewa Jeddah nami nikahamishiwa kwake, na ndiko niliko. Mama wa Paa aliendelea kunitumia ujumbe. Aliniambia kwamba sasa mume yuko nyumbani, wamegawana kazi upya: yeye anakaa ndani kwenye joto na kompyuta, mume yuko kibandani anavuta kamba. "Ninasema fungua," aliandika. "Anafungua. Vizuri sana." Baadaye akaniandikia kwamba ameona mtoto asiyetulia kwenye picha ya harusi. Nilikaa na simu nikielea kwa furaha, nikaunguza vitunguu vya binti wa Madam. Mama wa Paa amegundua jiwe! Likafuatiliwa mwaka baada ya mwaka, na kila lilipotafutwa, mzee wangu ndiye aliyevuta kamba.

Mwaka huu, Ijumaa moja, simu ikalia. Wako Jeddah. Kuna mkutano wa watu wa nyota hotelini kando ya bahari, na aliyealikwa kuzungumza ni Mama. Mzee amekuja kumbebea mkoba.

Nilikuwa na ruhusa ya kutoka, na kwa kawaida Ijumaa huwa naenda Karantina kwa wasichana wa kwetu. Siku hiyo nikawaambia mafi, hakuna, kwa Kiarabu chetu cha jikoni, leo nina wageni. Nikawapeleka Al-Mahjar, kwenye mkahawa wa Msomali mmoja ambaye chapati zake zinakaribiana na zetu. Mama ni mdogo kuliko sauti yake. Tulikumbatiana mlangoni tukipiga kelele "Fungua! Funga!" mpaka madereva waliokuwa wakila wakageuka. Mzee amekonda, nywele zote nyeupe. Alinionyesha viganja vyake vilivyoota sugu. "Kamba," alisema kwa majivuno ya mtu anayelalamika.

Akaenda kaunta kuagiza chai, akapotea, tukamwona anatokea jikoni. Mama akatumia nafasi hiyo kunisogelea.

"Boksi la mota," akaninong'oneza. "Nililiona kwenye sanduku lake siku aliyorudi."

"Ukafanyaje?"

"Sasa liko chini ya kitanda changu." Akajipapasa kiganja. "Simwambii. Napenda kusikia bati likiguruma, nijue yupo." Kisha akaangalia jikoni, akasogea zaidi. "Na jiwe langu limekubaliwa jina. Limetangazwa jana. Yeye hajui, tulikuwa kwenye ndege. Anafikiri nimelipa jina la paka wetu. Mwaka mzima ananibembeleza, paka hawaruhusiwi, watakataa, tutaaibika."

"Umelipa la nani?" nikauliza, na nilikwishajua.

Akalitaja jina la mumewe, lote. Mimi hapa silitaji, kwa sababu najua angependa mlitafute wenyewe. "Kesho," akasema, "nitamwambia kesho, mbele ya watu wote. Wewe nyamaza."

Mzee akarudi na chai tatu, nusu imemwagika kwenye sinia. Akakaa. Akachukua chapati ya moto, akaunguza ulimi, akashangaa. Mimi nimejiziba mdomo kwa leso. Akanitazama na yale macho ya mzaha wetu wa zamani. "Dada, huulizi? Zamani ulikuwa unauliza."

Jamani, mimi ni binadamu. "Mzee," nikasema, na sauti ikanipanda kama ya bata, "umeonekana!"

"Bado," akajibu kwa mazoea. "Leta ch..." Chai ilikuwa mbele yake. Akanitazama mimi, akamtazama mkewe. Mama alinipiga teke chini ya meza, kisha akashusha pumzi, halafu taratibu akanyoosha mkono juu kama mwanafunzi anayejua jibu.

"Paka?" Mzee akauliza.

"Hapana paka," Mama akasema kwa Kiswahili.

Akaweka chapati chini. Midomo yake ikatafuta neno, na neno alilolipata lilikuwa lile la mama mkwe wake. "Ni kubwa?"

"Kadogo," nikamwambia mimi, maana Mama alikuwa ameshindwa kuongea. "Lakini hakatulii."

"Liko wapi sasa?" nikamuuliza ili asilie, kwa kuwa mimi nilikuwa nimeshaanza. Hakuhitaji kufikiri. Jiwe lile alilijua, alilivutia kamba miaka yote hiyo bila kujua anajivutia mwenyewe. Akaangalia saa, akahesabu kidogo hewani kwa kidole, kisha akaonyesha chini, kwenye vigae, katikati ya miguu yetu. Saa ile lilikuwa upande wa pili wa dunia.

"Pale," akasema, akainama chini ya meza kuliangalia.

Mimi nikainama. Madereva wa meza ya jirani nao wakainama, bila kujua wanatafuta nini. Tukainuka wote, yeye akabaki kulekule chini, mgongo unatikisika, na Mama akaushika kwa kiganja chake. Mwenye mkahawa akaja mbio na ufagio, akauliza panya amekimbilia wapi. Mama wa Paa akamwashiria kwa mkono asubiri kidogo.